Mafiga Matatu ya Jotoardhi: Historia ya Maji Baridi Juu ya Jiwe la Moto



Kamati ya jarida imenipa kurasa chache za historia. Najua wengi mlitazamia habari za walimu waliotufundisha au za vikombe tulivyoshinda uwanjani. Hizo nawaachia wenye picha na kumbukumbu. Mimi ningependa tuzungumze juu ya jambo lililo ndani ya jina la mahali tuliposomea. Mafiga ni mawe matatu ya kuinjikia chungu. Jina hilo tumelitamka maelfu ya mara, tumeliandika kwenye bahasha za barua za kwenda nyumbani, lakini ni wachache waliokaa chini wakajiuliza: hivi jiwe linapatwa na nini linapokaa motoni kila siku? Na linapatwa na nini likimwagiwa maji?

Swali hili laonekana kuwa la jikoni tu. Lakini historia yake ni ndefu. Inaanzia kwenye migodi ya dhahabu ya kale, inapita Italia na Kongo, inafika Olkaria nchini Kenya ambako jirani zetu wanawasha taa kwa mvuke wa ardhini, kisha inaingia mkoani kwetu hapa Morogoro, kule Kisaki. Nia yangu ni kuonyesha kwamba jambo walilolikataza bibi zetu jikoni ndilo wanalolifanya wahandisi kwa makusudi, na kwamba kinachotenganisha hasara na faida ni kipimo.

Amri mbili za jikoni

Bibi yangu alikuwa na amri mbili juu ya mafiga. Ya kwanza: usiokote figa mtoni. Ya pili: usimwagie maji figa lenye moto, ukitaka kuzima moto, toa kuni na ufukie makaa kwa majivu. Hakutupa sababu, wala sisi hatukuthubutu kuuliza. Sababu tulikuja kuzipata katika somo la fizikia, na ni vizuri kuziweka wazi kwa sababu watu wengi huzichanganya.

Jiwe la mtoni limenyonya maji katika vitundu vyake vidogo. Likipashwa moto kwa haraka, maji yale hugeuka kuwa mvuke, na mvuke hudai nafasi kama mara 1,600 ya ile ya maji. Ukikosa pa kutokea, hulipasua jiwe, na vipande huweza kuruka hadi usoni kwa mpishi. Hapo kinachopasua ni mvuke.

Amri ya pili ina sababu nyingine kabisa. Kila kitu kikipata joto hutanuka, na kikipoa hunywea. Jiwe halipitishi joto upesi kama sufuria. Ukimwaga maji baridi juu ya figa la moto, ngozi ya nje hupoa mara moja na kutaka kunywea, lakini moyo wa jiwe bado una moto na umetanuka, nao haukubali. Basi ngozi inavutwa kama nguo iliyombana mvaaji. Na hapo ndipo penye udhaifu wa jiwe. Jiwe ni hodari wa kubeba mzigo, ila ni mnyonge wa kuvutwa. Nguvu yake ya kustahimili mvuto ni kama sehemu moja ya kumi ya nguvu yake ya kustahimili mkandamizo, na mara nyingi ni pungufu ya hapo. Ngozi inapasuka, na ufa unaingia ndani.

Sisi tuliosoma kwa taa ya chemli tuliiona sheria hii kwenye kioo. Tone moja la mvua likidondoka kutoka kwenye bati linalovuja juu ya kioo chenye moto, tulisikia "ta!" na masomo ya usiku yakaishia hapo. Kumbe somo lenyewe ndilo lilikuwa linaanza.

Moto kabla ya baruti

Binadamu alitambua mapema kwamba adui wa figa anaweza kuwa rafiki wa mchimbaji. Kabla ya baruti, mwamba mgumu ulivunjwa kwa moto. Diodorus wa Sicilia, aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, ameeleza jinsi wafungwa na watumwa walivyochimba dhahabu upande wa kusini wa Misri: mwamba mgumu ulichomwa kwanza kwa moto mkali hadi ukalegea, ndipo wakauendea kwa nyundo za chuma. Mwandishi wa Kirumi Livy amesimulia kwamba Hannibal, jemadari kutoka Kartago ya Afrika Kaskazini, alipozuiwa na jabali alipokuwa akivuka milima ya Alpi mwaka 218 kabla ya Kristo, aliamuru lichomwe moto kisha limwagiwe siki. Wanahistoria wamebishana sana juu ya siki hiyo. Juu ya moto hakuna haja ya ubishi, maana ilikuwa kazi ya kawaida ya wachimbaji wa zama zile. Katika migodi ya fedha ya Kongsberg, Norwe, iliyofunguliwa mwaka 1623, mashimo yalichimbwa kwa kuchoma kuni ukutani mwa mwamba, na njia hiyo iliendelea hadi karne ya 19 ingawa baruti ilikwisha kujulikana.

Wala hatuna haja ya kwenda Norwe. Miaka mingi baada ya kumaliza shule nilishinda siku nzima na wapasua mawe chini ya milima yetu. Walikuwa na jabali kubwa kuliko chumba cha darasa. Hawakuwa na baruti wala mashine. Walipanga kuni juu ya jabali, wakawasha jioni, wakauacha moto ule jiwe usiku kucha. Asubuhi walifagia makaa upesi na kumwaga ndoo za maji. Jabali lililia. Nyufa nyembamba zikatambaa juu yake, na mzee mmoja akawa anazifuata kwa kidole kama mtu anayesoma ramani. Ndipo wakaingiza mitaimbo na tindo. Kufikia jioni kulikuwa na mafungu ya mawe ya msingi, na akina mama wamekaa kivulini wakigonga kokoto.

Nilimwuliza mzee yule kwa nini hawakumwaga maji mengi zaidi ili jabali livunjike lote mara moja. Akajibu kwamba maji mengi hayasaidii kama moto haukuingia ndani. Utapata magamba tu. Ufa huenda mpaka pale lilipofika joto. Jibu hilo ningeliweka katika kitabu cha fizikia bila kubadili neno.

Joto lililokosa mlango

Sasa tushuke ardhini. Kadiri unavyochimba ndivyo joto linavyozidi. Katika sehemu nyingi za dunia huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 za sentigredi kila kilometa moja, na penye volkano huongezeka zaidi sana. Watu walioga katika chemchemi za maji moto tangu zamani, lakini umeme ulikuja tarehe 4 Julai 1904, pale Piero Ginori Conti alipotumia mvuke wa ardhini huko Larderello, Italia, kuwasha taa tano. Mwaka 1913 ukafunguliwa hapo hapo mtambo wa kilowati 250.

Afrika haikuchelewa kama wengi wanavyodhani. Mwaka 1952, wakati wa utawala wa Wabelgiji, mtambo mdogo wa kilowati 200 hivi ulijengwa Kiabukwa, Katanga, ukitumia maji ya moto ya nyuzi 91 tu. Haukudumu, lakini ndio uliotangulia barani. Nchini Kenya visima viwili vilichimbwa Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, katika miaka ya 1950. Joto lilionekana, lakini mvuke wa kutosha haukupatikana, na kazi ikasimama. Ilianza upya miaka ya 1970 kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kutoa umeme, na kufikia 1985 mitambo mitatu ilikuwa inatoa megawati 45. Leo Kenya ina uwezo wa zaidi ya megawati 800 za jotoardhi, na umeme huo ni kama sehemu mbili kwa tano za umeme wote wa nchi hiyo.

Kwa nini visima vya kwanza vilishindwa ilhali joto lilikuwapo? Hapa naomba mlikumbuke jina la mtaa wetu. Wahenga walisema, figa moja haliinjiki chungu. Jotoardhi nayo ina mafiga matatu: joto, maji ya kulibeba joto hilo, na nyufa za kuyapitisha maji. Lile la tatu ndilo linalosahauliwa. Mwamba ukiwa na joto kali lakini hauna nyufa, kisima kinakuwa shimo la gharama kubwa lenye moto usiotoka. Na umuhimu wa nyufa si wa kukisia. Ufa ukipanuka mara mbili, maji yanayopita kwa msukumo ule ule huongezeka mara nane.

Jaribio la siku 75

Katika miaka ya 1970 wanasayansi wa maabara ya Los Alamos, Marekani, walijiuliza: je, figa la tatu haliwezi kutengenezwa? Walikwenda Fenton Hill, jimbo la New Mexico, wakachimba visima viwili katika mwamba mkavu wa matale, karibu kilometa tatu kwenda chini. Walipasua njia kati ya visima hivyo kwa maji ya shinikizo kubwa, kisha wakawa wanapeleka maji baridi katika kimoja na kuyapokea yakiwa ya moto katika kingine. Tangu mwanzo walikuwa na matumaini kwamba ubaridi wenyewe ungeinyweesha kuta za ufa na kuupanua zaidi.

Mwanzoni mwa 1978 waliendesha mzunguko huo kwa siku 75. Matokeo yake yanastahili kukumbukwa na kila anayesoma makala haya. Ugumu wa maji kupita katika mwamba ulishuka mpaka ukawa kama sehemu moja ya tano ya ule wa mwanzo. Baridi ilikuwa imefungua njia, kama ilivyotarajiwa. Lakini katika muda huo huo maji yaliyokuwa yakitoka na joto la nyuzi 175 hivi yalishuka hadi kama nyuzi 85. Njia ilipanuka, joto likapungua. Ndoo ile ile iliyopasua jabali ilikuwa pia inazima moto.

Hesabu ya kunywea huko si ngumu, na kijana wa kidato cha pili anaweza kuifanya. Mwamba wa matale hupungua kama sehemu nane katika milioni kwa kila nyuzi moja. Chukua kipande cha mita 10, kipoze kwa nyuzi 100: kitanywea milimita 8. Milimita nane ni kidogo machoni, lakini kwa maji yaliyokuwa yakijipenyeza katika ufa mwembamba kama karatasi, ni barabara kuu. Hata hivyo, chini kule mwamba umebanwa na uzito wa ardhi iliyo juu yake, kwa hiyo baridi haina budi kuushinda mbano huo kwanza kabla ufa haujafunguka. Ndiyo maana tofauti ya nyuzi chache haitoshi. Yule mzee wa mitaimbo alisema ufa hufika lilipofika joto. Wahandisi nao wamekuta kwamba ufa hufunguka pale tofauti ya joto inapokuwa kubwa kuliko ubishi wa mwamba.

Tangu wakati huo ubaridi umekuwa chombo cha kazi. Huko Iceland imekuwa desturi, baada ya kumaliza kuchimba, kusukuma maji baridi kisimani kwa vipindi, kukiacha kipate joto, kisha kusukuma tena, ili nyufa zilizozibwa na matope ya uchimbaji zifunguke. Katika kisiwa cha Guadeloupe, penye mtambo wa Bouillante, kisima kimoja kilisukumiwa maji ya bahari katika miaka ya 1990, na utoaji wake ukaongezeka kwa karibu nusu. Imeonekana pia katika nchi nyingi kwamba kisima cha kurudishia maji hupokea maji baridi kwa wepesi kuliko maji ya moto, jambo ambalo lingemshangaza mtu asiyejua habari za mafiga.

Gharama ya baridi

Isidhaniwe kwamba jambo hili halina madhara. Yako matatu, na historia imeyaonyesha yote.

La kwanza tumeliona Fenton Hill: maji yakipata njia fupi mno kati ya visima, huzima joto kabla halijatumika. Kwa hiyo maji yaliyotumika hayarudishwi ardhini popote tu. Hutafutiwa mahali palipo mbali kiasi cha kuyapa muda wa kupata moto tena.

La pili ni kisima chenyewe. Ndani yake mna bomba la chuma lililoshikwa kwa saruji. Chuma nacho hutanuka na kunywea. Kisima cha nyuzi 300 kikimwagiwa maji baridi kwa pupa, bomba huweza kuvutika na kukatika kwenye maungio, na saruji ikaachana na mwamba. Ndiyo maana kazi hiyo hufanywa taratibu, kwa saa na kwa siku, vipimo vikisomwa muda wote.

La tatu ni mitetemeko. Huko The Geysers, jimbo la California, mvuke ulipungua baada ya kuvunwa kwa pupa, ikabidi maji yaliyosafishwa kutoka mifereji ya miji yaletwe kwa mabomba, kwanza 1997 na tena 2003, ili kuulisha mwamba uliokauka. Mvuke ulipata nafuu. Lakini maji hayo ya baridi yanapougusa mwamba wa moto, unanywea na kuteleza, na matetemeko madogo yamekuwa sehemu ya maisha ya wakazi wa karibu. Huko Basel, Uswisi, mwezi Desemba 2006, maji yaliyosukumwa kwa shinikizo kubwa yalileta tetemeko la kipimo cha 3.4 chini ya mji, na mradi ukafutwa. Lile la Basel lilitokana zaidi na shinikizo kuliko baridi, lakini fundisho ni moja: anayepasua mwamba awaulize kwanza wanaolala juu yake.

Na sisi je?

Mwaka 1976, wakati Wakenya wanachimba Olkaria, nasi hatukuwa tumelala. Kati ya 1976 na 1979 wataalamu wa kampuni ya SWECO, kwa msaada wa Uswidi, walizipima chemchemi za maji moto za nchi yetu, hasa upande wa Mbeya na kaskazini. Taarifa ziliandikwa. Wakenya walikwenda na mashine za kuchimbia. Sisi tulibaki na makabrasha. Sitaki kumlaumu mtu. Mwisho wa miaka ya 1970 ulikuwa wa vita na uhaba wa fedha za kigeni, na mabwawa yalikuwa yanatupa umeme. Lakini umeme wa mabwawa hutegemea mvua, na kila aliyekaa Morogoro miaka ya ukame anajua maana ya mgawo.

Kampuni ya Uendelezaji wa Jotoardhi Tanzania, TGDC, iliundwa mwaka 2013 chini ya TANESCO. Maeneo inayoyashughulikia ni pamoja na Ngozi, Songwe na Kiejo-Mbaka upande wa Mbeya na Songwe, Luhoi upande wa Rufiji, na Kisaki katika mkoa wetu. Wengi tumekipita kituo cha Kisaki kwa garimoshi la TAZARA bila kujua kwamba eneo lile lina maji yanayotoka ardhini yakiwa ya moto. Hadi kufikia mwaka 2024 hakuna hata moja kati ya maeneo hayo lililokuwa limeanza kutoa umeme.

Miamba ya Uluguru yenyewe iliwahi kupikwa na kukandamizwa chini sana ardhini, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Sasa imepoa, na hakuna volkano hapa kwetu. Maji moto ya namna ya Kisaki ni yale yanayoshuka kwenye mipasuko mirefu ya ardhi, yakapata joto chini, yakapanda tena. Maana yake ni kwamba kwetu swali la figa la tatu, yaani nyufa, ni kubwa kuliko penye volkano. Tutahitaji vijana wanaojua mwamba unapasuka vipi, unapasuka wapi, na ni wakati gani wa kuacha kuupasua. Tutahitaji pia wanaojua kusema na wenyeji. Olkaria, mwaka 2014, familia za Wamaasai zilihamishwa kupisha mtambo mpya, na malalamiko yao yalifika hadi Benki ya Dunia kabla ya kusuluhishwa. Afadhali tujifunze hilo kwa jirani kuliko kulirudia.

Kwa hiyo nawapa kazi ninyi mlio madarasani. Mwombeni mwalimu wa fizikia awasimamie. Pasheni gololi za kioo katika kikaango kikavu kwa dakika ishirini, kisha zitumbukizeni kwa koleo katika beseni la maji baridi, mkiwa mmefunika macho na mmesimama mbali. Zitoeni mzitazame kwenye mwanga. Kwa nje nyingi zitakuwa nzima. Ndani zitakuwa zimejaa nyufa. Kisha rudieni mara ya pili kwa maji ya vuguvugu, mara ya tatu kwa maji ya moto, mhesabu nyufa kila mara na kuandika. Mtakapopata jibu la swali la ni tofauti ya nyuzi ngapi inayotosha, mtakuwa mmeanza kazi ile ile iliyofanyika Fenton Hill. Mtuletee matokeo, tuyachapishe katika toleo lijalo la jarida hili.

Nawatakia nyote mkutano mwema, na wale mnaopika kwa kuni siku hiyo, tafadhali zimeni moto kwa majivu.